Kiangazi Kinapoaga Minnesota: Mwongozo Kamili kwa Wanandoa Wachanga

Mwongozo huu ni wa wanandoa waliotoka Afrika Mashariki na kuanza maisha Minneapolis, St. Paul au miji ya jirani, hasa wale ambao hii ni Septemba yao ya kwanza au ya pili wakiwa pamoja. Hauhusu namna ya kuvumilia baridi. Hayo mtaambiwa na kila mtu, mtake msitake. Unahusu zile wiki kumi hivi kati ya mwisho wa Agosti na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwangu mimi hakuna kipindi kitamu kuliko hicho katika mwaka wa huku, ila wageni wengi hukipitisha wamenuna, wakiiogopa theluji ambayo haijaanguka bado.

Kwetu jua huzama karibu saa ileile Januari na Julai, kwa hiyo hatukuzoea kukimbizana na mwanga. Huku kila kizuri cha msimu huu kina mlango wake unaofungwa. Tufaha fulani lipo wiki tatu tu. Majani mekundu yakipigwa na upepo mkali usiku mmoja, asubuhi yako chini. Mchicha mlioupanda Juni utakufa siku moja, na siku hiyo huijui mpaka jana yake.

Ndiyo maana rai yangu ni moja: msitafute burudani ya pembeni. Kazi zenyewe za msimu, yaani kuchuma, kuvuna, kugandisha mboga na kuziba madirisha, ndizo ziwe matembezi yenu, na mzifanye wote wawili. Mkahawa wa bei kubwa mtaukuta hata Februari.

Hatua ya 1: Kaeni na ratiba za zamu kabla ya Agosti kuisha

Wengi wetu tunafanya kazi nyumba za wazee, hospitalini au kwenye maghala. Mmoja yuko zamu ya mchana, mwenzake ya usiku, na wanakutana mlangoni wakikabidhiana funguo za gari. Ndoa changa huweza kumaliza msimu mzima hivyo, na adui wala si baridi, ni ratiba.

Chukueni ratiba zote mbili mziweke mezani. Chagueni siku nne tu ambazo wote mtakuwa huru: moja ya matufaha (katikati au mwisho wa Septemba), moja ya kwenda kuona majani (mwisho wa Septemba hadi wiki ya pili ya Oktoba), moja ya kuvuna na kugandisha mboga (kabla ya Oktoba kukolea), na moja ya kuandaa nyumba (wakati wowote Oktoba). Ombeni ruhusa sasa. Mwisho wa Septemba kila mtu kazini atakuwa anaomba Jumamosi ileile.

Ya pili kati ya hizo acheni iweze kusogea wiki moja mbele au nyuma, kwa kuwa miti haisomi kalenda. Kama mmoja wenu hawezi kabisa kupata wikendi, msisikitike. Jumanne asubuhi shamba la matufaha halina foleni na maegesho ya hifadhi yako wazi. Wenye wivu ni wale wa Jumamosi.

Hatua ya 2: Matembezi ya jioni yanayohama saa

Hili ni la kila siku na halina gharama. Minneapolis iko karibu na latitudo ya 45 kaskazini, katikati ya Ikweta na Ncha ya Kaskazini, na mwezi Septemba mchana hupungua kwa karibu dakika 3 kila siku. Mwisho wa Agosti jua la Minneapolis huzama kama saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Mwisho wa Septemba ni saa moja kasoro kidogo. Mwisho wa Oktoba ni saa kumi na mbili na dakika chache.

Maana yake ni kwamba mkipanga kutoka saa ileile kila jioni, baada ya mwezi mtakuwa mnatembea gizani na mtaacha. Pangeni kwa jua: tokeni nusu saa kabla halijazama, na kila wiki sogezeni muda wenu nyuma kwa karibu robo saa. Kuna wiki mtatembea baada ya kula, na kuna wiki chakula kitasubiri. Kama mmoja anaingia zamu ya usiku, matembezi ndiyo iwe njia ya kumsindikiza.

Kando ya mto Mississippi kuna njia ndefu za miguu pande zote mbili, na maziwa ya Minneapolis yana njia zinazoyazunguka. Simu zibaki nyumbani, au angalau ibaki moja. Hapo ndipo mtakapozungumza yale ambayo hamkuyazungumza wiki nzima, pamoja na yale ya pesa za kutuma nyumbani. Nimegundua hayo huzungumzika vizuri zaidi watu wakitembea bega kwa bega kuliko wakitazamana mezani.

Vaeni tabaka: fulana nyepesi, sweta, kisha koti jembamba la kuzuia upepo. Mwisho wa Agosti mchana bado ni karibu nyuzi 26 za Selsiasi, na mwisho wa Oktoba ni karibu 11, lakini ndani ya siku moja asubuhi na mchana zinaweza kupishana sana. Viatu vya theluji na makoti mazito yanunueni Septemba kwenye maduka ya mitumba (naam, mitumba ipo huku pia, na imepangwa kwa saizi), kabla theluji ya kwanza haijawakumbusha watu wote kwa pamoja. Viatu chukueni vyenye nafasi kidogo, soksi za sufu zienee.

Hatua ya 3: Kiageni kiangazi kwa moto

Maonyesho ya jimbo, Minnesota State Fair, hufanyika Falcon Heights kwa siku 12 na huisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwa watu wa huku hiyo ndiyo alama kwamba kiangazi kimekwisha. Nendeni mkitaka, mle vyakula vya kwenye vijiti, muone ng'ombe wenye afya kuliko sisi. Ila mimi napendelea wiki inayofuata. Bustani za umma zimepungua watu, mbu wamepungua, na sehemu nyingi zina majiko ya mkaa ya chuma yaliyowekwa kwa matumizi ya wote.

Hiyo ndiyo siku ya mishkaki. Msijaribu kuwasha mkaa kwenye baraza ya ghorofa, maana majengo mengi yanakataza, na ndani ya nyumba ndiyo kabisa msithubutu: hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Nendeni bustanini na nyama iliyolala kwenye tangawizi, kitunguu saumu, papai bichi au ndimu, na chupa ya chai.

Kuhusu mahindi, mjue mapema: mahindi ya kuchemsha ya huku ni laini na matamu kama yametiwa sukari, si yale ya kuchoma ya pembeni ya barabara tuliyoyazoea. Msimu wake unakwisha katikati ya Septemba. Mkitaka yaliyokomaa kidogo yenye kutafunika, mwambieni muuzaji awape yale ya mwisho, yaliyokaa sana shambani. Atawashangaa lakini atawapa, pengine kwa bei ya chini. Yachomeni bila maganda, kisha ndimu, chumvi na pilipili.

Hatua ya 4: Matufaha, na namna ya kuyala kwa pilipili

Hapa pana utamu mwingi, basi twende polepole.

Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa kikizalisha aina za matufaha zinazostahimili baridi kwa zaidi ya karne. Tufaha la Honeycrisp, ambalo sasa linauzwa dunia nzima kwa bei ya kujivuna, lilitolewa na chuo hicho mwaka 1991, na mwaka 2006 likafanywa tunda rasmi la jimbo. Kulila hapa, siku lilipochumwa, ni jambo la kujaribu angalau mara moja katika ndoa.

Kila aina ina wiki zake. Zestar! huanza mwisho wa Agosti na kuendelea mwanzoni mwa Septemba. Ni tamu lenye uchachu kidogo na halidumu sana. Honeycrisp huiva katikati hadi mwisho wa Septemba. Haralson, la tangu mwaka 1922, huja mwanzoni mwa Oktoba. Ni gumu na chachu. Wenyeji hulipenda kwa kuoka. Sisi tunalitaka kwa sababu nyingine, nitaifikia.

Mashamba ya kujichumia yako mengi pembezoni mwa miji hii miwili. Mkitaka safari ndefu zaidi, mji wa La Crescent kusini-mashariki, kando ya Mississippi, unajulikana kama makao makuu ya matufaha ya Minnesota. Kabla ya kutoka fanyeni haya:

Pigeni simu au tazameni ukurasa wa shamba siku hiyohiyo. Aina inaweza kwisha Ijumaa na wewe ukafika Jumamosi. Ulizeni pia kama mnaruhusiwa kuchuma wenyewe au yanauzwa yakiwa yameshachumwa, na kama kuna kiingilio.

Msinunue kwa tamaa. Mfuko wa peki moja ni karibu kilo 5, nao unawatosha watu wawili kwa wiki kadhaa. Busheli ni karibu kilo 19. Hiyo ni ya mwenye watoto au mwenye friza kubwa.

Kuchuma: lishike tufaha kwa kiganja chote, liinue juu huku ukilizungusha. Likiwa limeiva litakuachia lenyewe. Ukilivuta kwenda chini utang'oa na kitawi kidogo ambacho ndicho chenye machipukizi ya mwaka ujao, na mwenye shamba ataona. Usitikise mti. Mmoja achume, mwingine ashike mfuko, kisha mbadilishane. Mtajua haraka nani kati yenu ana subira.

Nyumbani yawekeni kwenye friji ndani ya mfuko wa plastiki wenye matundu. Msiyachanganye na mboga za majani wala karoti, kwa kuwa matufaha hutoa gesi ya ethilini inayozeesha mboga na kuitia karoti uchungu. Lililojeruhiwa liliwe kwanza, lisikae na mengine. Honeycrisp iliyotunzwa hivyo hufika Krismasi bila wasiwasi.

Sasa ile sababu ya Haralson. Tufaha chachu na gumu ndilo mbadala wa karibu kabisa wa embe bichi. Likateni vipande vyembamba, mnyunyizie chumvi na pilipili ya unga, mle mkiwa mmesimama jikoni. Pia linatoa achari ya heshima: vipande vya tufaha na maganda yake, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili kichaa, siki, chumvi na sukari kidogo, vichemke dakika chache tu ili tufaha lisivurugike. Itieni kwenye chupa safi, ihifadhiwe kwenye friji, mle na pilau. Mgeni kutoka Zanzibar aliyeila kwetu aliomba chupa aondoke nayo, na huyo si mtu wa kusifu ovyo.

Hatua ya 5: Kuvuna kabla ya jalidi

Jalidi, ule umande unaoganda juu ya majani, huingia Minneapolis na St. Paul kwa kawaida mwanzoni hadi katikati ya Oktoba; nje ya miji hutangulia. Mwenye kipande cha bustani ya jumuiya au ndoo kwenye baraza aanze kutazama utabiri wa usiku kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba. Hali ya hatari ni usiku mtulivu, bila mawingu, wenye nyuzi 2 kushuka chini.

Mboga zetu zimegawanyika makundi mawili. Mchicha, kunde, majani ya maboga, matembele, bamia, nyanya na pilipili hufa usiku huohuo. Sukuma wiki haifi; inapopigwa na baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari na kuwa tamu zaidi. Kwa hiyo siku yenu ya kuvuna, kundi la kwanza ling'olewe lote, na sukuma wiki iachwe mpaka Novemba. Kama utabiri unaonyesha usiku mmoja tu wa jalidi kisha joto linarudi, funikeni mimea kwa shuka kuukuu jioni na kuifunua asubuhi. Plastiki isigusane na majani, inayapitishia baridi.

Msio na bustani msihuzunike. Kwenye masoko ya wakulima ya miji hii miwili, wauzaji wengi ni wakulima wa Kihmong, jamii iliyotoka nyanda za Laos, na wao wanakula majani ya maboga kama sisi. Waulizeni ncha changa za mmea wa boga, na ulizeni mchicha. Ikifika wiki za mwisho za Septemba, mwambieni yule mmeshazoeana naye kwamba mnataka vingi vya kugandisha. Wao pia wanajua jalidi inakuja.

Siku ya kugandisha inahitaji watu wawili kweli, si kwa mapenzi tu. Mmoja anaosha na kukata, mwingine yuko jikoni na saa.

Chemsheni sufuria kubwa ya maji, na pembeni wekeni beseni la maji yenye barafu. Tumbukizeni mboga kidogokidogo: sukuma wiki ya majani mazito dakika 3, majani laini dakika 2. Majani ya maboga yamenyweni nyuzi zake kwanza, kama mlivyofundishwa na bibi. Zitoeni, zitieni kwenye barafu kwa muda uleule, kisha zikamueni mpaka maji yaishe. Kuzichemsha huku si kupika. Ni kuzima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu rangi na ladha hata ndani ya friza. Gawanyeni madonge ya mlo mmoja wa watu wawili, yawekeni kwenye mifuko ya zipu ya friza, mtoe hewa, muandike tarehe. Yabapeni yawe kama daftari ili yapangike.

Nyanya hazihitaji shida hiyo. Zigandisheni nzima, siku ya kupika zipitisheni kwenye maji ya uvuguvugu, ganda linavuka lenyewe. Pilipili nazo huingia friza mbichi. Giligilani isagwe na mafuta kidogo, imiminwe kwenye trei ya barafu. Nyanya za kijani zilizoanza kupauka zifungeni kwenye gazeti, ziwekeni kabatini pasipo baridi kali, mzikague kila siku mbili tatu. Nyingi zitaiva taratibu. Zile za kijani kabisa zitieni kwenye achari.

Kuhifadhi mboga kwenye chupa zilizofungwa na kukaa nje ya friji, kama mnavyoona kwa majirani, ni elimu ya peke yake. Mboga zisizo na asidi zikikosewa huzaa sumu ya botulini. Mwaka huu kaeni na friza.

Hatua ya 6: Safari ya kuyaona majani

Njano mnayoiona Oktoba ilikuwamo ndani ya jani tangu majira ya kuchipua, imefunikwa na kijani. Mchana unapopungua mti huacha kutengeneza kijani, kinafifia, njano inajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: hutengenezwa msimu huuhuu, kutokana na sukari inayobaki ndani ya jani wakati mti unafunga mirija yake. Kwa hiyo siku zenye jua kali mchana na ubaridi usiku, ila bila kuganda, ndizo zinazotoa wekundu unaowaka. Mkiona wiki ya namna hiyo kwenye utabiri, sogezeni safari yenu iifuate.

Idara ya Maliasili ya Minnesota huweka kwenye tovuti yake ramani inayoonyesha hifadhi gani imefikia wapi, na huisasisha kila wiki msimu ukiwa umepamba moto. Rangi huanzia kaskazini katikati ya Septemba na kushuka. Hapa mijini kilele ni mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Gari kuingia hifadhi ya jimbo huhitaji kibali cha kulipia, cha siku au cha mwaka. Mkipanga kwenda mara nyingi, cha mwaka ndicho cha kuchukua, na kinakuwa sababu ya kutoka hata Januari.

Kwa safari ya nusu siku, nendeni Taylors Falls, mwendo wa saa moja hivi, ambako mto St. Croix unapita kwenye korongo la mawe meusi. Hifadhi ya Afton iko karibu zaidi, na ina vilima vya kuwatoa jasho.

Kwa mwenye siku mbili, pandeni hadi Duluth, karibu kilomita 250, kisha mfuate barabara ya 61 kando ya Ziwa Superior. Hapa kuna siri inayowasaidia wenye ratiba ngumu: pwani hiyo ina vilele viwili. Miti ya maple ya milimani, mbali kidogo na maji, huwaka nyekundu mwisho wa Septemba. Miti yenye gome jeupe iliyo karibu na ziwa hugeuka njano baadaye, wiki moja au mbili mbele, kwa kuwa ziwa linaachia joto lake polepole. Mkikosa cha kwanza, kipo cha pili. Karibu na Tofte kuna kilima cha Oberg, chenye njia ya kuzunguka ya kilomita tatu na nusu hivi. Juu mnaliona ziwa upande mmoja na msitu upande mwingine. Na mkiwa Duluth katikati ya Septemba, pandeni Hawk Ridge mkatazame mwewe wanaohama kwenda kusini. Siku ya upepo wa kaskazini-magharibi hupita kwa maelfu.

Chakula: chapati zilizokunjwa na mayai, chupa ya chai ya tangawizi, matufaha. Mahoteli ya huko hujaa wikendi za majani, wekeni nafasi Agosti. Picha tumieni ukweni siku hiyohiyo, ila muongeze maelezo. Shangazi yangu alipoona misitu ile alipiga simu kutupa pole ya moto.

Hatua ya 7: Siku ya nyumba

Washeni kijiti cha udi. Mmoja akishike karibu na kingo za dirisha na mlango, mwingine atazame moshi. Ukipinda, hapo ndipo upepo unapoingia. (Kaeni mbali na king'ora cha moshi.) Wekeni alama, kisha mzibe. Madukani kuna karatasi nyembamba ya plastiki ya kufunika dirisha kwa ndani: bandikeni selotepu ya pande mbili kuzunguka fremu, mmoja ashike juu, mwingine anyooshe chini, kisha mpulize kwa draya ya nywele mpaka mikunjo iishe. Peke yako kazi hii ni vita; wawili ni robo saa na vicheko.

Wapangaji mjue haki yenu: kama joto la jengo haliko mikononi mwenu, sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba awape angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Msipopata, mwandikieni, maandishi yana tarehe, maneno ya mlangoni hayana. Anayelipia joto mwenyewe abadilishe kichujio cha mashine kabla ya kuiwasha.

Gari nalo: betri ipimwe, maji ya kioo yawe yale yasiyoganda.

Hatua ya 8: Boga la nazi

Jioni ya siku ya nyumba mmechoka, pikeni hili. Msinunue yale maboga makubwa ya kuchongwa sura, yana maji mengi na nyuzi. Tafuteni kabocha, boga la kijani lenye ganda gumu na nyama kavu. Ndilo linalofanana na la kwetu.

Likateni vipande vikubwa bila kumenya, kiasi cha kilo moja. Pangeni sufuriani ganda likiwa chini, mtie tui jepesi kiasi cha kufika nusu ya vipande, chumvi kidogo, sukari vijiko vitatu au kwa kadiri ya mapenzi. Funikeni, liive kwa moto wa wastani kama dakika 15 hadi uma uingie bila kulazimisha. Kisha mimineni tui zito la kopo moja na iliki iliyotwangwa, mpunguze moto, mkitikisa sufuria badala ya kukoroga, mpaka tui liwe zito na kung'ang'ania boga. Likitokota kwa nguvu litakatika. Liacheni lipoe, kesho yake asubuhi ni tamu kuliko leo, kwa yule atakayewahi kuamka.

Baada ya Oktoba 31 maboga hushuka bei. Kabocha nzima ikiwekwa mahali pakavu na penye ubaridi hukaa miezi miwili na zaidi.

Hatua ya 9: Saa zikirudi nyuma

Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jua sasa litazama mnamo saa kumi na moja jioni. Aliye zamu ya usiku siku hiyo hufanya kazi saa moja zaidi, hakikisheni amelipwa. Matembezi ya jioni yahamieni asubuhi au wakati wa chakula cha mchana, wowote mnaopata mwanga pamoja.

Na simu ya nyumbani: kiangazi chote tofauti yetu na Afrika Mashariki ni saa 8, kuanzia siku hiyo ni saa 9. Kama mmezoea kupiga saa tatu asubuhi, kule ilikuwa saa kumi na moja jioni na sasa ni saa kumi na mbili, wakati wa kuelekea magharibi na maandalizi ya chakula. Mwambieni mama wiki moja kabla, la sivyo saa kumi na moja ikipita bila simu, itakapofika kumi na moja na nusu ukoo mzima utakuwa umeshaulizwa mna nini.